Shuka Lililotembea Kuliko Bibi Harusi

Kakuma Moja, 4 Machi 2024

Kwa Shangazi Nyawech,

Ejok, kama wasalimiavyo Waturkana wa mume wako, na male, kama tusalimiavyo sisi Wanuer. Huku hatujambo, isipokuwa jogoo wa jirani yangu Nyanut, ambaye aliliwa Jumapili na mpaka leo hakuna anayekiri kumla. Wifi yangu mtarajiwa anakusalimu. Ananisalimia sana siku hizi, na kila akinisalimia anachungulia sufuria yangu.

Shangazi, tarehe ya harusi yangu na Thuok imepangwa. Padri ametupa Agosti. Mama Thuok anakuja kutoka Narus, ng'ambo ya mpaka, kumwoza mwanawe, na kabla ya lolote atataka kuona milaya. Desturi unaijua kunishinda, lakini naiandika ili baadaye usije ukajifanya umesahau. Shuka hilo la kutarizi litandikwe kitandani mbele ya wanawake wa pande zote mbili. Mama mkwe aliangalie mbele, aligeuze, akague nyuma kama nyuzi zimetulia, kisha aulize nani ameshona. Jibu ni moja tu: wameshona watu wa bibi harusi. Mimi mwenyewe sindano siruhusiwi hata kuishika. Marehemu mama alikuwa akisema, anayejishonea shuka amejizaa mwenyewe.

Mama hayupo, bibi hayupo, nimebaki na wewe. Na Mama Thuok ameshamwambia mwanawe kwamba msichana asiye na watu huchukuliwa kama mbuzi aliyepotea. Thuok alinieleza akicheka. Mimi sikucheka. Naogopa kuingia nyumba ile nikiwa mtu wa kuokotwa.

Nataka unishonee wale korongo wawili wa bibi, waliopeana mgongo, na chungu katikati.

Mwanao,
Nyariek

*

Nawoitorong, Lodwar, 19 Machi 2024

Mwanangu Nyariek,

Nimepokea barua yako kwa mkono wa Emanikor, ambaye aliikalia kwenye lori kutoka Kakuma hadi hapa, kwa hiyo imekunjamana. Sisi tu wazima. Mbuzi wawili wamezaa, mmoja amezaa mapacha. Joto la Lodwar unalijua. Jana nimemwona mbwa akigombania kivuli na polisi.

Utaona mwandiko si wangu. Nge ameniuma kidole, hivyo natamka na mume wangu anaandika. (Ni mimi Emanikor. Huyo nge sijamwona.) Usimsikilize. Na tuendelee kuandikiana kwa karatasi, kwa Kiswahili. Simu yako inalala kwa wifi yako kwa sababu ndiye mwenye sola, na atakayelaza simu ya mwenzake atasoma yaliyomo. Kinuer wamefundishwa kanisani, watakisoma mpaka nukta ya mwisho. Kiswahili chao ni cha kununua nyanya.

Kuhusu shuka, moyo wako utulie. Mimi dada wa baba yako nipo hai. Nitalishona kwa mikono yangu hii miwili, korongo na chungu na kila jani, na Mama Thuok akiligeuza ataona nyuma safi kuliko mbele ya lake. Mbuzi aliyepotea, eti. Mwambie wa kwao kwanza warudi zizini. (Usimwambie.)

Sasa nataka kitu kimoja. Usiniulize kila wiki limefika wapi. Kazi ya mkono haipendi macho ya watu.

Shangazi yako,
Nyawech

*

Kakuma Moja, 28 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi, na pole ya nge, kama bado yupo. Huku mvua imenyesha milimani na mto Tarach umepita na choo cha jirani. Barua hii ilikuwa tayari wiki mbili lakini Anko Emanikor alikwama ng'ambo ya mto akitupungia mkono. Tumekonda kidogo, lakini tunacheka.

Siulizi shuka limefika wapi. Nauliza tu kama limeanza kufika.

Mwandiko wangu nao utauona unayumba. Nimechomwachomwa vidole na miiba nikitafuta kuni. Si kitu kingine. Nakuambia hivyo kwa sababu watu wa hapa wana maneno. Kuna mama mmoja wa Lodwar anaitwa Makena, anamletea Nyanut vifurushi vya vitambaa, naye Nyanut anawagawia wanawake wa mtaa watarizi. Mimi simo, bila shaka, maana ni mchumba wa mtu, na mchumba akionekana na sindano watasema anajishonea mwenyewe. Nimesikia tu.

Ila ni kazi ya ajabu, Shangazi. Hakuna anayeshona shuka zima. Nyanut ni majani tu, asubuhi mpaka jioni majani. Mwingine ni maua. Kuna mwingine, simtaji, yeye ni ndege. Anapewa kitambaa cha katikati tupu, hajui kimetoka wapi wala kinakwenda wapi. Uzi wenyewe umeandikwa India, kitambaa kimeandikwa Pakistani. Wakimaliza, kinafungwa tena, kinaondoka. Nilimuuliza Nyanut kwa nini hashoni siku moja shuka lake zima akaliuza. Akaniambia, "Mimi nikianza ndege, hiyo ndege itatoka na sura ya mbuzi. Majani najua. Wacha nikae na majani yangu."

Nimekueleza kwa kuwa ni habari. Mimi simo.

Nyariek wako

*

Nawoitorong, Lodwar, 2 Juni 2024

Mwanangu,

Tunakusalimu. Wale mapacha wa mbuzi wamenenepa. Mmoja amekula ukurasa wa kalenda wenye mwezi wa tano ndiyo maana nimechelewa. Pole ya miiba. (Miaka yote nimeishi Turkana na sijaona mti wa kuchoma watu kwenye ncha za vidole peke yake.)

Shuka linakwenda vizuri mno. Juzi nilimaliza shingo ya korongo wa kwanza, sasa nimefika kwenye bawa. (Amefika kwenye chai.) Ni kazi ya kuinamisha kichwa, lakini kwa mtoto wa kaka yangu nitainamisha hata kiuno. Kuhusu huyo Makena uliyemtaja, simjui, na wala sijawahi kukanyaga dukani kwake pale nyuma ya soko, kwenye mlango wa bluu.

Nyariek, sasa shangazi yako amelala, nami karatasi imebaki, kwa hiyo nakuandikia yangu mwenyewe. Umenifikirisha na vitambaa vyako visivyo na mwanzo wala mwisho. Nilipoanza kuendesha lori nilikuwa nabeba vitu vilivyokwisha kutengenezwa. Baiskeli nzima, viatu vyenye kamba zake, sufuria zenye mifuniko. Siku hizi sijui nabeba nini. Soli bila viatu, za mafundi wa Lokichoggio. Vishikio bila sufuria. Zipu, magunia ya zipu, na suruali hakuna. Niliwahi kubeba vioo vya sola kwenda, na kurudi navyo vikiwa na fremu, nikadhani wamenikosea mzigo.

Nikamuuliza Makena, ambaye shangazi yako hamjui. Akanieleza tukinywa chai, na shangazi yako ambaye hamjui alikuwepo. Alisema, "Zamani barabara ilikuwa mbaya, kitu kilikuwa kinapita hapa mara moja tu, basi lazima kipite kikiwa kimeisha. Sasa ni lami. Kinaweza kupita mara nne, na kila mahali kinapopita kuna mtu anaongeza kile anajua yeye kuliko wengine. Na simu je? Picha ya mchoro inafika Narus kabla hujawasha injini." Zamani, alisema, ukitaka kufanya biashara ng'ambo ni lazima ujue kutengeneza kitu kizima. Leo ukijua jani tu unatosha, mradi jani lako liwe zuri. Kwa hiyo mashuka mazima mia yakiongezeka sokoni Juba, huku barabarani vipande vinaongezeka mara nyingi zaidi, maana shuka hilo hilo moja linavuka likiwa kitambaa, likiwa na ndege, likiwa na pindo. Mizani ya barabarani hulihesabu kila likipita.

Ameamka. Anauliza nimeandika nini. Nimemwambia ni habari za lori.

Anko wako Emanikor, pamoja na
Shangazi Nyawech

*

Kakuma Moja, 14 Julai 2024

Shangazi Nyawech,

Shikamoo, na zile salamu nyingine zote. Watu wazima, mbuzi wazima, nimemaliza.

Shuka limefika. Nilifunga mlango, nikaweka gunia dirishani, nikalitandika. Ni zuri, Shangazi. Ni zuri kiasi kwamba nilikaa chini. Korongo wamepeana mgongo, chungu kiko katikati, pembeni majani, na pindo jeupe lililofumwa kwa mtindo ambao sijawahi kuuona. Nikaanza kulia, nikasema, nina watu.

Kisha nikawatazama wale korongo vizuri. Mmoja ana jicho jeusi na mwingine ana jicho la kijani.

Nitakuambia jinsi lilivyokuwa la kijani. Uzi mweusi uliniishia siku ya Jumanne, na Nyanut alikuwa foleni ya maji, nikachukua uliokuwepo kwenye majani yake. Ndiyo, mimi. Miiba hakuna. Ni mimi ninayeshona ndege kwa ajili ya Makena, tangu Februari, usiku, na mchana mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu harusi haili maneno. Walipoleta mchoro ule nilishangaa, nikasema, kumbe kuna watu wengine wanaojua korongo wa bibi. Nikawashona kwa uchungu, nikiwaonea wivu hao watu, nikidhani kuna msichana mahali fulani ana shangazi.

Na majani ni ya Nyanut. Yanainamia kushoto yote, kama anavyoinama yeye.

Shangazi, umefika kwenye bawa? Bawa lipi? Njia ya mwongo ni fupi, na yako imekuja kuishia kitandani kwangu. Najua nami nimesema uongo, lakini wangu ulikuwa wa vidole, na wako ni wa shuka zima. Mama Thuok anafika tarehe kumi na sita ya mwezi ujao. Atauliza nani ameshona. Nitasema nini? Nimejizaa mwenyewe, kama alivyosema mama.

Na kuna jambo linaloniuma ambalo hata si kosa lako. Mimi kuja Lodwar kukuona lazima niombe karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, na mara mbili nimenyimwa. Kitambaa hiki kimevuka bahari, kimekuja kwenu, kimekuja kwangu, na kama Nyanut anavyosema, mapindo yote hufumwa Narus, basi kimekwenda hata nchi niliyozaliwa, ambayo siikumbuki, na kimerudi. Hakuna aliyekiuliza karatasi. Nimelionea wivu shuka.

Nyariek

*

Lodwar, 25 Julai 2024

Mwanangu,

Leo sina habari za mbuzi. Ziko, lakini sina mdomo wa kuzisema.

Nge hakuwepo. Ni macho. Yalianza mwaka juzi, ukungu pembeni, nikadhani vumbi. Sasa naona sura ya mtu lakini tundu la sindano silioni, wala barua zako siwezi kuzisoma, Emanikor ndiye ananisomea. Sikukuambia kwa sababu uliandika kwamba umebaki na mimi. Ningekujibuje kwamba uliyebaki naye hawezi kutia uzi? Niliona haya. Mimi Nyawech, ambaye mashuka yangu yalikuwa yakiazimwa na wake za machifu. Nikaenda kwa Makena, nikamtamkia korongo wa bibi yako unyoya kwa unyoya mpaka akawachora. Nikamwambia, mpe mtu mwenye mkono bora kabisa wa ndege, popote alipo, hata kama ni Juba. Akasema hana haja ya kwenda mbali, anaye mmoja Kakuma.

Kwa hiyo nililipa ili mtoto wangu ashonewe na mshonaji bora, nikakupata wewe. Emanikor alipokuwa akinisomea barua yako alifika kwenye jicho la kijani akashindwa kuendelea kwa kicheko. (Ni kweli. Lakini baadaye nilisikitika.) Nilimtupia kikombe. Halafu nami nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia.

Sasa nisikilize. Kidole kimoja hakivunji chawa, na shuka moja halishonwi tena na mtu mmoja. Hiyo ndiyo dunia, sikuianzisha mimi. Lakini Mama Thuok hayuko kwenye dunia hiyo. Akiuliza, sema: ameshona Shangazi Nyawech, peke yake, Lodwar. Macho makavu. Usiongeze neno. (Mimi nasema mwambie ukweli. Mficha uchi hazai.) Emanikor hajawahi kuwa mkwe wa Mnuer, hajui anachosema. (Nimekuwa mkwe wa Mnuer mwaka wa ishirini sasa.)

Kuja siwezi. Lori limekufa; kuna chuma kidogo cha gia kinachotoka Dubai, kimefika Mombasa, hakijafika Eldoret, na mwili mzima wa lori umelala hapa ukikingoja. Ningepanda gari jingine, usidhani sikufikiria. Lakini Mama Thuok akiniona atanipa sindano na uzi mbele ya watu, kwa heshima, nianze hata mshono mmoja wa baraka. Hapo ndipo utakapoumbuka wewe. Bora nisionekane.

Barua hii inakuja na gari la samaki kutoka Kalokol. Ikinuka, si mimi.

Shangazi yako anayekupenda,
Nyawech

*

Kakuma Moja, 18 Agosti 2024

Shangazi wangu,

Male, ejok, Bwana asifiwe, zote pokea. Barua ilinuka mpaka paka wa mtaa walinisindikiza nyumbani. Niliisoma, nikairudia mpaka jioni. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kukujibu na yote yalinikatikia mkononi. Ungeniambia macho tu, Shangazi. Ningekuja hata bila karatasi.

Sasa sikia yaliyotokea jana.

Mama Thuok ni mrefu kuliko mlango wangu. Aliingia akiinama na akaonekana kuchukia kuinama. Wanawake walijaa chumbani na nje, wifi mbele kabisa, Nyanut pembeni ya kitanda akiwa amekunja mikono, hanitazami. Nikalitandika shuka. Walisogea karibu, Shangazi, kwa sababu ni zuri, hilo hata adui hawezi kukataa. Mama Thuok akaangalia korongo. Akaangalia majani. Akaligeuza nyuma. Nyuma ilikuwa safi, nilihakikisha, hata kwa mteja nisiyemjua sifanyi uchafu.

Halafu akafika kwenye pindo, akabaki hapo.

Alilivuta karibu na macho. Akaanza kulipitisha kwenye vidole polepole, kona ya kwanza, kona ya pili. Kwenye kona ya tatu kidole gumba kikasimama. Pale fundo limerudi upande wa kushoto, kama la mtu anayefuma kwa mkono wa kushoto. Nikamtazama mkono alioshikia shuka. Ulikuwa wa kushoto.

Akaniita karibu, sauti ya chini, wengine wasisikie. "Hii shuka imetoka wapi?"

"Lodwar, mama. Kwa shangazi yangu."

"Kabla ya Lodwar?"

Maneno yako nilikuwa nayo mdomoni, Shangazi, macho makavu na yote. Lakini mkono ule wa kushoto haukuliachia fundo lile. Nikasema, "Narus, mama."

Akaligeuza fundo. "Na kabla ya Narus?"

"Hapa. Hiyo ndege ni mkono yangu."

Tukatazamana. Mimi bibi harusi niliyejishonea, na yeye mama mkwe aliyemfumia mkwewe pindo la shuka ambalo amekuja kulikagua, kwa malipo, kwa mama mmoja wa Lodwar asiyemjua. Sijui nani alikuwa na aibu kubwa zaidi. Nilidhani ya kwangu, mpaka nikaona jasho lake. Huko Narus, Thuok ameniambia leo, mama yake huwaambia watu kwamba hajawahi kufanyia mtu kazi.

Wifi akauliza kwa sauti, "Mama, nani alishona?"

Mama Thuok akasimama mpaka kichwa kikagusa bati. Akasema, "Hii imeshonwa na watu yake. Mimi najua hiyo mkono. Nyinyi mnataka nini ingine?" Nyanut akapiga kigelegele cha kwanza, cha mtu aliyekuwa amebana pumzi tangu asubuhi, na wengine wakafuata.

Walipotoka kula, Mama Thuok alibaki akikunja shuka nami. Aliniuliza kwa nini jicho moja ni la kijani. Nikamweleza kuhusu uzi. Akasema kule kwake lilipofika aliliona jicho lile, akasema kimoyomoyo, huyu msichana wa ndege ni mvivu lakini ana mkono, laiti mwanangu angeoa mtu kama huyu badala ya huyo wa Kakuma asiye na watu. Kisha akacheka, Shangazi, akiwa ameziba mdomo kwa kona ya shuka, nami nikacheka mpaka nikashika kitanda.

Amekuulizia. Nilimwambia ukweli wa macho yako, nisamehe. Akasema njoo, hakuna atakayekupa sindano, atakuketisha karibu naye na akuelezee harusi yote sikioni, nani amevaa nini na nani amezeeka. Anasema anajua kusimulia watu vibaya.

Basi panda hilo gari la samaki. Harusi ni Jumamosi ijayo. Nilikuwa naogopa kuolewa bila watu, na sasa Nyanut anataka kiti cha mbele kwa sababu ya majani, Makena ametuma ujumbe kwamba anakuja na wasichana wake wa dukani, na wanawake wa maua wamegoma kula mpaka nitangaze nao wamo. Chakula hakitatosha. Njoo unisaidie kuwafukuza jamaa zangu.

Mwanao,
Nyariek